Sura ya Sita: Shikamoo ya Kiingereza

Kwenye steshenari za mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, kazi ya kuchapa barua haiishi. Mtu anakuja na karatasi aliyoiandika kwa mkono, mchapaji anaiingiza kwenye kompyuta, na dakika chache baadaye inatoka barua ya kuomba kazi. Mara nyingi inaanza hivi: "Kindly refer to the heading above." Inafuata: "I humbly beg to apply for the vacancy in your esteemed company." Mwisho wake ni "Yours obediently", saini na namba ya simu. Barua hiyo inaweza kuwa inakwenda kiwanda cha chai, kampuni inayosafirisha parachichi, shule ya mchepuo wa Kiingereza au hoteli inayopokea watalii wa Ziwa Ngozi. Anayeandikiwa anabadilika, maneno ni yaleyale.

Aliyeiandika si mtu asiyejua Kiingereza. Amesoma baiolojia, jiografia na historia kwa lugha hiyo kwa miaka minne au zaidi. Anajua "evaporation" na "respiration". Akiulizwa maana ya "commence" anajibu bila kusita. Ananyamaza pale anapoulizwa "hang on" au "get over it". Mtoto wa Leeds au Bristol, kule Uingereza, huanza na maneno mafupi ya nyumbani, "get", "start", "help", halafu shule humletea "obtain", "commence" na "assist". Mtoto wa Rungwe amepita njia hiyo akianzia mwisho. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo, kisha katika kidato cha kwanza Kiingereza hicho kinageuka ghafla kuwa lugha ya masomo karibu yote. Nyumbani kwake ni Kinyakyusa, sokoni na kanisani ni Kinyakyusa na Kiswahili. Kiingereza amekutana nacho ndani ya kitabu cha kiada, kwenye karatasi ya mtihani na kwenye barua yenye mhuri. Hakuna aliyewahi kukitumia kumgombeza, kumbembeleza wala kumwomba chumvi.

Ndiyo maana vitabu vinavyomhimiza mwanafunzi aongeze maneno makubwa havimfai sana huyu. Makubwa anayo. Ninachotaka kumwambia ni kwamba katika Kiingereza urefu wa neno na heshima ya neno ni mambo mawili tofauti, na kwamba kipimo cha kuchagua neno anacho tayari, amelelewa nacho.

Anayetoka Rungwe hana haja ya kufundishwa kwamba neno hupimwa kwa mtu anayeambiwa. Asubuhi watu wa rika moja wanaulizana "ugonile", lakini mzee au yeyote anayestahili heshima huambiwa "mugonile", kwa umbo la wingi ingawa yuko peke yake. Na Wanyakyusa walikuwa na adabu kali kuliko hiyo, inayoitwa ingamwana. Mke hakutaja jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana na jina hilo kwa mlio. Jina la mkwe likikaribiana na neno la kila siku la jikoni au la shambani, neno hilo liliachwa na jingine likashika nafasi yake. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu jinsi wake walivyowaepuka wakwe zao, kwa macho na kwa ulimi. Hebu pima kazi ya akili iliyokuwa hapo: mwanamke alibeba kichwani majina mawili ya kitu kimoja na kuchagua, sentensi kwa sentensi, kulingana na heshima aliyodaiwa. Hiyo ndiyo stadi tunayoitafuta katika sura hii. Mjukuu wa mwanamke yule anapofika kwenye Kiingereza hapaswi kuiacha mlangoni na kudhani kwamba huku kinachotakiwa ni ukubwa wa maneno tu.

Tuone kwanza kwa nini Kiingereza kina maneno mawili mawili ya jambo moja. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akamshinda mfalme Harold huko Hastings. Kwa muda wa karibu miaka 300 iliyofuata, wakubwa wa Uingereza walizungumza Kifaransa, makasisi na makarani wakaandika Kilatini, na wakulima wakaendelea na Kiingereza chao. Kwa mkulima ndiko yalikobaki "ask", "begin", "buy", "help", "live" na "end". Kwa bwana na karani ndiko yalikotoka "inquire", "commence", "purchase", "assist", "reside" na "terminate". Lugha hizo zilipochanganyika, maneno ya pande zote mbili yakasalia, kila moja na harufu ya mahali lilikotoka: moja la shambani, jingine la ofisini. Mwaka 1362, chini ya mfalme Edward III, sheria ilipitishwa kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawakuelewa Kifaransa kilichotumika kuwahukumu. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Kwa Mtanzania habari hii haiko mbali. Mahakama za mwanzo zimesikiliza kesi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, lakini shauri lilipopanda ngazi, hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Rungwe aliyekata rufaa kuhusu mpaka wa shamba alihitaji mwingine amsomee kwa nini ameshinda au kwa nini ameshindwa. Ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Waingereza wa mwaka 1362 wangeielewa haja hiyo vizuri sana.

Kiswahili nacho kimejaa jozi za namna hii. Jua na fahamu, kufa na kufariki: la kwanza katika kila jozi ni la Kibantu, la pili limetoka Kiarabu, na msemaji hayachanganyi. Ng'ombe amekufa, jirani amefariki. Lakini angalia jozi nyingine. Mbuzi amezaa, mama amejifungua. Hapa maneno yote mawili ni ya Kibantu, na tofauti ya heshima ni ileile. Kwa hiyo asili ya neno hutusaidia kukisia tu. Kinachoamua ni desturi ya watu: nani wamezoea kulisikia wapi, likisemwa juu ya nani. Hivyo ndivyo ilivyo hata kwa Kiingereza. "Purchase" si neno la heshima kuliko "buy". Ni neno la stakabadhi, mkataba na idara ya manunuzi. Ukimwambia mwenzako unakwenda soko la Tandale "to purchase bananas", hujamheshimu zaidi. Umemhamishia ofisini bila yeye kutaka.

Sasa turudi kwenye "I humbly beg". Wajerumani, ambao waliuita mji huu Neu Langenburg, waliendesha sehemu kubwa ya utawala wao wa ngazi za chini kwa Kiswahili. Kiingereza cha ofisi kililetwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kilikuja kikiwa kimekamilika, pamoja na mtindo wake wa kufunga barua: "I have the honour to be, Sir, your obedient servant." Wenyewe hawakuwa wakinyenyekea. Ilikuwa fomula tu, na hata barua ya kumkatalia mtu ombi lake iliweza kufungwa hivyo. Karani wa Kiafrika aliyeinakili hakuwa na njia ya kujua kwamba mwenzake wa London halitafakari neno "obedient" anapoliandika. Kwetu likachukuliwa kwa uzito wake wote, likawa "Wako mtiifu", na mpaka leo kijana wa Bulyaga, hapa Tukuyu, anamwahidi utii mwajiri ambaye hajamwona.

Waingereza wenyewe walishaanza kuiacha njia hiyo. Mwaka 1948 Ernest Gowers, aliyekuwa mtumishi wa serikali kwa muda mrefu, alitoa kijitabu kiitwacho Plain Words, alichoombwa na Hazina ya Uingereza akiandike ili watumishi waache maneno ya kujitanua na kuandika kwa maneno ya kawaida. Mwaka 1979 Chrissie Maher alianzisha London kampeni ya Kiingereza chepesi, akidai fomu na barua za serikali zieleweke na watu wa kawaida. Mimi niko upande wao, na si kwa sababu ni wageni. Niko upande wao kwa sababu barua ya maombi ina kazi moja, kumwonyesha mwajiri kwamba mtu huyu anaweza kufanya kazi fulani, na kila mstari wa kupiga magoti unakula nafasi ya mstari wa kueleza uwezo.

Barua ya leo yenye adabu kamili inaweza kuanza hivi: "I am writing to apply for the post of quality assistant, advertised on 3 March." Haina "beg", haina "humbly", haina "esteemed". Wala haijashuka kuwa ya kijiweni. Hakuna mtu atakayeiona kama utovu wa adabu. "Beg" ni kuombaomba, kwa hiyo inamweka mwombaji barabarani wakati amekuja na cheti chake. "Esteemed" haisemi lolote kuhusu kampuni, na msomaji anajua kwamba haisemi. Mwishoni, kama umemtaja mtu kwa jina mwanzoni, funga kwa "Yours sincerely". Kama ulianza kwa "Dear Sir or Madam", desturi ya Waingereza ni "Yours faithfully". "Obediently" iachwe ipumzike.

Hapo pia kuna neno letu moja, kazi, linalogawanyika kwa Kiingereza kuwa mengi. "Job" ni la mazungumzo, na mwenzako wa karibu utamwambia "I got the job". Kwenye barua tumia "post" au "position". "Vacancy" ni nafasi iliyo wazi. Inakuwapo, inatangazwa, inajazwa, lakini anayeomba huomba "post". "Employment" ni hali ya kuajiriwa, neno la sheria na takwimu. "Occupation" utaikuta kwenye fomu, na hapo mkulima aandike "farmer" bila kuona haya. "Work" ni shughuli yenyewe, nayo haihesabiki: hakuna "a work". Kosa hilo la "I am looking for a work" ndilo linaloonekana haraka kuliko yote katika barua, na linamgharimu mtu aliyejaza ukurasa mzima wa "esteemed" na "humbly".

Kama heshima haiko katika maneno marefu, iko wapi? Kiingereza hakina shikamoo. Hakina umbo la wingi la kumstahi mtu mmoja, kwa sababu "you" ilikwisha kuwameza wote, mkubwa na mdogo. Adabu yake imejificha katika vitenzi vidogo sana ambavyo mwanafunzi huvipita haraka akikimbilia maneno makubwa: "could", "would", "may", "might". Linganisha "Send me the form" na "Could you send me the form, please?" Hakuna neno hata moja refu katika sentensi ya pili, na umbali kati yake na ya kwanza ni mkubwa. "I want to see the manager" inasikika kama ugomvi unaanza. "I would like to see the manager" ni mtu mstaarabu aliyefika mapokezi. Kwa Kiswahili tofauti hiyo tunaiweka kati ya nataka na naomba. Tatizo ni kwamba naomba ikitafsiriwa moja kwa moja huzaa "I request" au "I beg", wakati makazi yake halisi kwa Kiingereza ni "Could I have" au "I would like".

Kuna hatua moja juu zaidi, na hapa ndipo ninapofurahi kila ninapoifundisha. Mwingereza anayetaka jambo zito husema "I was wondering if you could help me." Kwa nini "was", wakati anawaza sasa hivi? Wakati uliopita unampa anayeombwa nafasi ya kukataa bila kumwaibisha mwombaji. Wanafunzi huliona jambo hili kuwa la ajabu, hadi wanapojisikiliza wenyewe. Ingia ofisi yoyote ya kata na usikilize mtu anavyoanza: "Samahani mheshimiwa, nilikuwa naulizia…" au "Mama, nilikuwa naomba nikuone kidogo." Hakuwa anaomba jana. Anaomba sasa, amerudisha kitenzi nyuma kwa ajili ya adabu. "Nilikuwa naulizia" na "I was wondering" ni adabu moja katika lugha mbili, na mtu wa Tukuyu aliifahamu kabla hajajua kusoma.

Kwa upande mwingine, "kindly" haina upole tunaoipa. Kwetu inasikika laini. Kwenye sikio la Mwingereza, "Kindly submit the documents by Friday" inaweza kuwa sauti ya mtu wa juu anayeagiza na ambaye uvumilivu umeanza kumwishia. Kati ya Watanzania, Wakenya na Waganda inapita bila shida, ni Kiingereza chetu na sioni kosa ndani yake. Ukiandikia mnunuzi wa Uholanzi au Uingereza, "please" au "could you" ni salama zaidi.

Nimetaja mnunuzi, na Rungwe ni wilaya ambayo jambo hili lina bei. Parachichi za aina ya Hass za hapa huvuka bahari, na mzigo ukivuka bahari barua hufuatana nao. Katika biashara hiyo yako maneno yanayofanana ambayo tofauti yake si urasmi kabisa, ni maana. Mkulima wetu anajua kukomaa si kuiva. Parachichi hukomaa mtini lakini haliivi mtini. Huanza kuiva baada ya kuchumwa. Kiingereza kina tofauti hiyohiyo, "mature" na "ripe", lakini vijana wengi hulichukulia "mature" kuwa sura ya kiofisi ya "ripe", kama vile "purchase" ilivyo kwa "buy", na wanapoandika barua rasmi huchagua lile linaloonekana kubwa au kuyabadilishanabadilishana ili sentensi zipendeze. Mnunuzi akiandika kwamba anataka tunda "mature", anauliza kuhusu mafuta na uzito mkavu ndani yake. Kwa Hass kiwango cha kimataifa cha uzito mkavu ni angalau asilimia 21. Ukimjibu kwamba mzigo wako ni "ripe", umemwambia kwamba matunda yamelainika kabla hayajapanda meli.

Chai nayo ina yake. Majani ya chai kwa Kiingereza cha kiwandani "huchumwa" kwa "pluck": majani mawili na chipukizi. Parachichi ni "pick" kwa mazungumzo na "harvest" kwenye daftari la tarehe na kreti. Mahindi ni "harvest" popote. Kwetu chuma na vuna zinagawana kazi hiyo, ila mipaka yake haikai sawasawa na ya Kiingereza, kwa hiyo anayetafsiri kichwani hujikwaa. Na waonjaji wa chai huiita chai iliyokwisha kutiwa maji ya moto "liquor". Mtu aliyezoea kuliona neno hilo kwenye vibao vya baa anaweza kushtuka akilikuta kwenye ripoti ya kiwanda. Kila fani ina chumba chake cha maneno, na ndani ya chumba hicho neno la fani hulishinda neno refu na neno fupi kwa pamoja.

Mkataba ni chumba kingine, na hiki naomba kila mkulima akikague kwa makini. Katika mazungumzo "shall" ni neno la upole, karibu la kizamani: "Shall we go?" ni kumwalika mwenzako muondoke. Likiingia mkatabani linageuka kuwa amri. "The grower shall deliver all fruit to the company" maana yake mkulima analazimika kupeleka matunda yote, yasiende kwa mnunuzi mwingine hata akija na bei nzuri. Na "may", ambayo hapo juu tumeiona ikibeba adabu, mkatabani hubeba hiari: "The company may reject" maana yake kampuni ina ruhusa ya kukataa, si kwamba huenda ikakataa. Sentensi mbili zilizo jirani, moja ina "shall" kwa upande wako na nyingine ina "may" kwa upande wa pili, zinakueleza nani amefungwa na nani yuko huru. Kabla ya saini, zungushia duara kila "shall" na kila "may" uone zimeegemea wapi. Na kama mkataba unaweza kuandikwa kwa Kiswahili, dai uandikwe kwa Kiswahili. Si haki mtu abanwe na lugha ambayo amefundishwa kuiheshimu bila kufundishwa kuihoji.

Nje ya karatasi mambo yanageuka, na hapa ndipo maneno mafupi yanapokuwa na thamani. Kijana anayeongoza watalii kupanda ukingo wa Ngozi, au kuwaonyesha Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, anazungumza na watu walio likizo. Anapowaambia "We shall now commence the ascent, you are advised to exercise caution", wanamwelewa, lakini anasikika kama tangazo lililobandikwa ukutani. "Let's start climbing. Watch your step, it's slippery" ni salama zaidi, kwa kuwa mtu anayeteleza kwenye udongo wa Rungwe wakati wa mvua hana muda wa kusubiri sentensi iishe. Shida ni kwamba maneno haya mafupi ndiyo magumu. "Watch out", "hold on", "slow down", "turn back": kila moja ni vipande viwili ambavyo kila kimoja mwanafunzi anakijua, lakini vikikaa pamoja maana inahama. "Put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, na hakuna mtu anayeweza kuikisia maana hiyo kutoka "put". Shuleni tulifundishwa "postpone" na "tolerate", ambayo yanaeleweka kila mahali, na hayo hayamwangushi mtu. Anayefanya kazi na wageni, hata hivyo, ajifunze yale ya vipande viwili au vitatu kidogo kidogo kwa kusikiliza, kwa sababu ndiyo watakayomjibu nayo.

Katika mazungumzo hayo kuna maneno yanayomponza mtu kwa sababu yamebeba heshima kwetu na hayaibebi kwao. Mzee ni cheo. Ukimwita mgeni wa miaka 70 "old man" ukidhani umemtukuza, umemwumiza. "Elderly" ni ya kiofisi na ya kusemea watu wasiokuwapo. Kwa aliye mbele yako tumia "sir" au jina lake, umri uache. Umenenepa, kwetu, ni habari njema kwa aliyepona. "You are fat" haina njia ya kuwa habari njema, na "you look well" ndiyo inayofikisha lile tulilokusudia. Rahisi inabeba wepesi na bei nafuu kwa pamoja. Ukisema chumba chako ni "cheap" umekishusha hadhi pamoja na bei. Mwenye chumba husema "affordable" au "good value", na mgeni ndiye mwenye haki ya kusema "cheap".

Kwenye simu mtu anahitaji daraja la katikati, na hilo ndilo lisilofundishwa popote. Ujumbe wa WhatsApp kwa msimamizi wa kazi si barua wala si soga. "Good morning, I'm running a bit late, I'll be there by 8:30" unatosha: una salamu, una ufupisho wa "I'm" na "I'll" ambao ungeuondoa kwenye barua rasmi, na hauna "Kindly be informed". Nimeona ujumbe unaoanza na "Dear Sir, with due respect" na kumalizia na "gud nyt". Maneno yote mawili yana mahali pake, lakini hayakai pamoja, kama vile mtu asivyoweza kumwambia mkwe wake shikamoo kisha akamuaga kwa "poa".

Neno la mwisho nililoliweka kwa ajili ya sura hii ni pole, kwa kuwa ndilo linalosumbua hata waliobobea. Aliyejikwaa tunampa pole, anayetoka kazini tunampa pole, aliyefiwa tunampa pole. Kwa Kiingereza tumelipa "sorry", na Mwingereza aliyejikwaa mbele yako akisikia "sorry" anaweza kukujibu "it's not your fault", kwa sababu amelisikia kama kuomba radhi. Kwa aliyejikwaa uliza "Are you all right?" Kwa anayetoka kazini huenda usiseme chochote, au umwulize siku ilikuwaje, kwa kuwa lugha yao haina salamu hiyo, na hakuna neno refu litakaloizaa. Kosa likiwa lako, "sorry" inatosha kwa rafiki, "I apologise" ni kwa mteja na kwa bosi. "We regret to inform you" si kuomba radhi kabisa: ni taasisi inayokuambia hapana, na anayeipokea asiisome kama mlango ulioachwa wazi.

Kwa aliyefiwa, "sorry" hurudi na uzito wake wote. "I'm so sorry for your loss" ni maneno mafupi, ya kila siku, na ndiyo yanayofaa zaidi kwa mtu unayemfahamu. "Please accept my condolences" ni ya barua, ya ofisi kwa ofisi, au ya mtu ambaye hamjazoeana. Marehemu mbele ya jina ni "the late", na kwenye karatasi za mirathi zinazoandikwa Kiingereza atakuwa "the deceased", neno ambalo lisitamkwe mbele ya mjane. Kuhusu tukio lenyewe, "passed away" ni kufariki na "died" ni kufa, ila "died" kwa Kiingereza haina ukali ambao kufa inao kwetu inapotajwa juu ya binadamu. Magazeti yao huliandika kwa watu wanaowaheshimu sana. Lakini "expired" iachiwe dawa na maziwa. Ukimwandikia mwajiri wa nje kuomba ruhusa ya kwenda kuzika nyumbani, sentensi mbili zinafikisha yote: "My father passed away last night. I would like to ask for leave until Monday."